Mkono Ulioshika Kikombe

Wakio mwanangu,

Barua hii haina safari ndefu. Nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, pale ulipoweka chaja na mkate wa njiani, na kesho treni ikifika mahali ambapo dirishani hakuna kitu ila misonobari, huenda ukaikuta. Sasa hivi umeenda mtaani Farsta kuagana na wenzako. Watoto wa jirani wameshalala usiku huu lakini jua la kiangazi bado liko juu ya paa, nami nimekaa jikoni upande wangu wa meza. Upande wako nimeuacha na makombo yake. Nimeshika kitambaa mara kadhaa nikakirudisha.

Najua Kiswahili unakisoma kwa shida. Nilifikiria kuandika Kiswidi, lakini Kiswidi changu ni cha kazini: geuka upande huu, kunywa maji kidogo, mwanao anakuja Jumapili. Wazee wa watu nimewabembeleza kwa Kiswidi hicho miaka mingi, ila nikikileta kwako kinakauka mdomoni. Kwa hiyo soma polepole, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukisoma Biblia ya nyanya yako tulipokwenda Voi, silabi kwa silabi, huku umenuna. Abiria wenzako wakikutazama, waache.

Sitakuandikia habari za soksi za sufu wala kulipa kodi ya chumba kwa wakati. Mambo hayo ulinifundisha wewe. Nataka nikuandikie habari za Mnara na Fundi, maana ni muda mrefu hatujawataja, na mimi nimewakosa kuliko ninavyowakosa baadhi ya ndugu zangu.

Unakumbuka tulivyoingia kwenye besiboli? Wewe unadhani ulichagua. Hukuchagua. Baba yako alikuwa ameshahamia Jakobsberg kwenye maisha yake mapya, nawe ulikuwa unarudi kutoka shule unakaa tu, ukitazama ukuta. Nikazunguka kutafuta mchezo. Mazoezi ya viungo yalikuwa na foleni, mpira wa miguu wa wasichana ulikuwa na foleni, kuogelea ndiyo usiseme. Besiboli ndiyo haikuwa na foleni, kwa sababu hakuna mzazi hapa Stockholm aliyekuwa akiota mtoto wake acheze besiboli. Nilikupeleka uwanjani nikiwa sijui hata mtu anakimbilia wapi. Kocha akauliza nani anataka kuchuchumaa nyuma ya mpiga gongo, avae barakoa ya chuma na kudaka kila kinachorushwa. Watoto wote wakaangalia viatu vyao. Wewe ukasema, “Jag kan.” Mimi naweza. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba kwenye treni kama mlevi.

Halafu ukaanza kunisomesha. Amerika wanacheza wakati sisi tumelala, kwa hiyo asubuhi ukiamka matokeo yote yako kwenye simu. Ukawa unakuja mezani na uji haujapoa, unanionesha vipande vya mchezo, na kila mwaka kiangazi kikielekea kwisha swali likawa moja: mwaka huu nani anastahili kutajwa kuwa mchezaji wa thamani kuliko wote? Majina yao yalinishinda kutamka, nikawabandika yangu. Yule mrefu wa timu iliyokuwa ikichapwa kila wiki, ambaye akigonga mpira hauonekani tena, nikamwita Mnara. Yule mfupi wa timu iliyokuwa ikishinda, asiye na maajabu lakini kila shimo unamkuta ameliziba, nikamwita Fundi.

Wewe ulikuwa wa Mnara. Mimi nilikuwa wa Fundi. Na tulikuwa tunagombana vizuri, Wakio. Wewe kwa Kiswidi, mimi kwa Kiswahili, kisu cha jibini kikipita mkono hadi mkono. Wewe ulisema hesabu hazidanganyi, Mnara amewazidi wote, na si kosa lake kama wenzake wanadondosha mipira. Mimi nikasema thamani ya mtu utaijua siku asipokuja. Mtoe Mnara kwenye timu yake, nikasema, watafungwa kama walivyokuwa wakifungwa. Mtoe Fundi, nyumba nzima inaanguka. Ukanijibu kwamba hiyo si haki, kwamba mtu hapungui thamani kwa sababu waliomzunguka wamemwangusha. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mdomo umejaa mkate, ukaniambia jambo kama hilo halafu ukakimbilia basi la shule.

Tuliwekeana sharti kwamba tuzo ikitangazwa, aliyeshindwa atabeba nguo zote kwenda chumba cha kufulia kule chini zamu zote hadi Krismasi. Mwaka mmoja nilibeba mimi, mwaka mwingine wewe. Majirani wa jengo letu walikuwa wakituona tunacheka na makapu ya nguo chafu, wakadhani tuna kasoro. Mimi nilikuwa na furaha, na sikujua kwamba ndiyo ile. Nilidhani ni asubuhi tu.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Ule mkutano wa kufunga msimu unaujua, ulikuwepo. Lakini hujawahi kuuona kutoka kiti nilichokaa mimi, na hutauelewa mpaka nikueleze nyanya yako alivyokuwa.

Nilipofaulu kwenda sekondari, mama yangu alinishika mkono tukaenda kanisani Jumapili. Watu walipotoka wakaja kumpongeza. Akawaambia, mbele yangu, “Huyu? Huyu mvivu tu. Kufagia kwenyewe hajui. Ni Mungu amemwonea huruma.” Na wale akina mama wakamrukia. Wakamwambia ni mwongo, wakamwambia mtoto huyu ni taa, wakanivuta huku na kule, mmoja akanivisha leso yake mabegani, vigelegele vikapigwa mpaka mchungaji akatoka kuangalia. Mama yangu alisimama pembeni ameinamisha kichwa, anatabasamu chini kwa chini. Sikuumia hata kidogo. Nilijua, na kila mtu pale alijua, kwamba mama anamshusha mtoto ili watu wamwinue. Kumsifu mwanao mwenyewe ni kujisifu, na tena ni kumwitia macho ya husuda. Sifa lazima itoke mdomo wa jirani. Ndivyo nilivyolelewa, na sifa zile za uani kwa kanisa nimezila miaka yote hii. Nilipofika nchi hii peke yangu na baridi yake, ndizo nilizokuwa nikizitafuna.

Basi sikiliza. Kile kibanda cha klabu, kahawa ya birika, keki za mdalasini, soseji zinaungua nje. Kocha akaeleza desturi yao: mchezaji wa thamani wa msimu anachaguliwa na watu wazima, mzazi wa kila aliyependekezwa anasimama kusema machache juu ya mtoto wake, kisha mikono inainuliwa. Na mwaka ule haikuwa tu mpira wa rangi ya fedha wa kuweka kabatini. Jina la atakayechaguliwa, jina moja, lingepelekwa kwenye kambi ya vijana, na kutoka kambini watoto walikuwa wanapata nafasi kwenye ile shule ya sekondari yenye besiboli. Ulikuwa umeizungumzia shule hiyo tangu majira ya baridi. Ulikuwa umeshachagua hata kitanda, kutoka kwenye picha.

Mliopendekezwa mlikuwa wawili, wewe na Tuva. Tuva alikuwa mrushaji, mkono wake kombeo, hesabu zake zinang’aa. Na kila aliyekuwa na macho alijua kwamba Tuva akirusha kwa mwingine asiyekuwa wewe alikuwa anapotea. Wewe ndiye uliyemwonesha kwa vidole arushe wapi. Akianza kulia, wewe ndiye uliyekuwa unavua barakoa na kutembea taratibu hadi kwake kumwambia maneno ambayo hukuwahi kunieleza, na anatulia. Kabla mkutano haujaanza ulinisogelea ukaninong’oneza kwamba leo Tuva ndiye Mnara na wewe ndiye Fundi, kwa hiyo leo mimi, shabiki wa Fundi, nitashinda. Ulikuwa unacheka. Meno yako yote yalikuwa nje.

Baba yake Tuva akasimama. Akasema binti yake hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, akasema anajivunia, akasema hakuna mtoto anayestahili zaidi. Nilimwonea aibu, Wakio. Nakuambia ukweli. Nilimtazama yule mwanamume mzima akimsifu mtoto wake mwenyewe mbele ya watu nikasema moyoni, huyu hakulelewa na mtu. Nikafurahi hata, nikajua ameharibu, sasa watu watamkimbia.

Kisha nikasimama mimi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kwa Kiswidi safi. Nikasema Wakio bado anajifunza. Nikasema ana kichwa kigumu na mara nyingine ni mvivu, na kwamba Tuva amemzidi. Nikawashukuru kwa kumvumilia. Halafu nikaketi, nikainamisha kichwa, nikangoja.

Hakuna aliyeruka. Walitikisa vichwa vyao kukubali, kwa heshima kubwa, kama watu wanaomsikiliza daktari. Kocha akasema asante kwa uwazi wangu. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta wa kusema “acha uongo, mama,” na wao wakanitazama kwa upole, na ndipo nikasikia baridi ikipanda kutoka miguuni. Ningeweza kusimama tena. Miguu ilikuwepo.

Wakaitisha mikono. Ya Tuva ikahesabiwa. Ya kwako ikahesabiwa. Ulipungukiwa na mkono mmoja, na wewe ulikuwa umeshageuka kunitazama kabla hawajamaliza kuhesabu. Mkono wangu ulikuwa umeshika kikombe cha kahawa. Mtu hampigii kura mwanawe, ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Baba yake Tuva aliinua wa kwake mpaka shati likatoka kwenye suruali.

Kwenye treni ya kurudi hukulia. Uliniuliza swali moja, kwa nini nilisema vile. Nikakueleza kwamba kwetu ndivyo tunavyosema, kwamba si maneno yenyewe, kwamba kila mtu anajua. Ukanijibu taratibu sana, “Men de visste inte, mamma. Och inte jag heller.” Lakini wao hawakujua, mama. Wala mimi.

Wala wewe. Hilo ndilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nilidhani umezaliwa nalo, kama ulivyozaliwa na paji la uso la nyanya yako. Nilikunyonyesha, nikakupikia, nikakufunga nywele, na nikasahau kwamba hujawahi kusimama uani kwa kanisa na leso ya mtu mabegani. Kumbe miaka yote niliyokuwa nikiwaambia watu mbele yako kwamba hujui hili, huwezi lile, wewe ulikuwa unayasikia yalivyo na kuyaweka. Hapakuwa na mtu wa kuyapindua. Tulikuwa wawili tu nyumbani humu.

Nilimwendea kocha baadaye, hilo hujui. Nilimweleza desturi yetu yote, hata habari za vigelegele. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu mwema yule. Akasema, “Lakini wewe ni mama yake. Nani anamjua kuliko wewe? Tulikuheshimu.” Jina la Tuva lilikuwa limeshakwenda. Akanipa kahawa. Niliinywa kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Novemba ile tuzo ya Amerika ilipotangazwa nilikuwa nimeamka mapema. Nilikuwa nimepika uji. Nikakuuliza, je, ni Mnara au ni Fundi? Ukasema hujui, hujaangalia. Siku ya zamu ya kufulia ukabeba nguo zote mwenyewe bila kuniambia nani kashindwa. Glovu na barakoa ukavipeleka stoo ya chini, ukavifunga kwenye mfuko wa plastiki, na msimu uliofuata kocha alipopiga simu uliniomba nimwambie una shughuli. Nikamwambia. Hata hilo nililifanya kwa ajili yako, kwa Kiswidi safi.

Mambo hayo ungeweza kudhani yamenifundisha. Hayakunifundisha. Nilisikitika, lakini ndani yangu niliendelea kuwalaumu wao: watu gani hawa wasiojua kumwinua mtoto wa mwenzao. Ikaja siku ya mazungumzo yangu ya mwaka kule kazini, kwenye nyumba ya wazee. Mkuu wetu alikuwa ameacha nafasi ya kuongoza zamu, na wenzangu wote walikuwa wakiniita kiongozi kwa utani tayari. Msichana mdogo wa ofisini akanikalisha, akaniuliza mimi ni hodari kwa jambo gani. Nikasema, ah, mimi bado najifunza. Miaka yote hiyo nimewaosha wazee wao, nimewafumba macho wengine walipokata roho, bado najifunza. Akatabasamu, akasema ni vizuri mtu kujijua. Nafasi akapewa mwingine. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya baiskeli nikisubiri mtu anifuate aniambie ninadanganya, na hakuna aliyekuja, na hapo ndipo nilipouona uso wako wa siku ile kwenye kibanda. Niliuona kwa ndani. Nilikaa chini pale pale kwenye changarawe.

Ningekuja nyumbani nikuambie. Nilikuja, ukawa chumbani na mlango umefungwa na muziki masikioni, nikaona nisikusumbue. Nimekuwa hodari sana wa kutokusumbua. Mlango wako niliugonga kwa chakula, kwa taulo, kwa barua za shule. Kwa hilo sikuugonga, na miaka ikapita hapo mlangoni.

Ulipoleta habari za kazi ya hoteli huko Kiruna, kaskazini kabisa, nilikuuliza kwa nini mbali hivyo. Ukasema kwa sababu kuna kazi. Kazi ipo Farsta pia, Wakio. Kazi imejaa tele Flemingsberg. Sikusema hivyo. Nikasema ni vizuri, nikafungua kabati kuangalia kama kuna mifuko ya kutosha. Wewe hukuwa unatafuta kazi, ulikuwa unatafuta mahali ambapo sauti yangu haifiki.

Halafu Jumamosi. Nilikuwa nimejiapiza. Watu wetu wote wamekuja ukumbini kukuaga, Mama Furaha, Mkongomani wetu, ametoka Jakobsberg na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, vijana wa Flemingsberg wameleta spika, kila mtu ameleta Kiswahili chake. Nilikuwa nimeandaa maneno matano. Niliyarudia bafuni. Wakaniita nisimame kama mzazi, nikasimama, nikawaona wale akina mama wamekaa mbele wameegemeza mikono magotini, wanangoja. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikawaambia huyu mtoto hata chai hajui kupika, sijui huko aendako wataishi naye vipi, mniombee.

Waliruka, mwanangu. Miaka yote niliyokuwa nikingoja, ndiyo siku hiyo waliruka. Mama Furaha akasema, “Ah non, Mama Wakio, usituongopee! Mtoto huyu ni dhahabu, ma chérie, kipenzi, njoo hapa.” Wakakuzunguka, wakakufunga kitenge, vigelegele mpaka glasi zikatetemeka. Kila kitu kilikuwa kama uani kwa kanisa. Nami nikakutazama katikati yao nikaona umesimama wima na tabasamu la kuhudumia wageni, unawashukuru mmoja mmoja kwa adabu, kama watu waliokuhurumia. Maneno yaliyokuwa yameingia moyoni mwako ni ya kwangu peke yake. Ulipopita karibu nami ukasema bila hasira, “Du har redan röstat, mamma.” Umeshapiga kura, mama.

Tangu Jumamosi nazunguka nyumba hii na maneno yako hayo. Nimeshuka stoo leo asubuhi ulipokuwa umelala, nikafungua ule mfuko wa plastiki. Ngozi ya glovu imekauka na kupasuka kwenye kidole gumba. Barakoa bado ina alama ya mate yako. Nikajaribu kuvaa glovu, mkono wangu haukuingia vizuri, maana ilishika umbo la mkono wa mtoto wa miaka kumi na mitano. Nimevirudisha. Sikuletei juu, usiogope. Sitaki uvichukue kwa kunihurumia mimi.

Sina ushauri mkubwa. Wazazi wengine usiku kama huu wana cha kusema. Mimi nakuomba tu kwamba huko kaskazini mtu akikuuliza unajua nini, usimpe jibu langu. Na ukisikia mahali mama fulani mgeni anamshusha mtoto wake mbele ya watu, tafadhali simama. Sema “mwongo wewe.” Sema kwa lugha yoyote. Huenda yule mama anangoja, na miguu yake imeshaanza kuwa baridi.

Nimefikiri sana pia kuhusu Mnara. Nilikuwa nikisema thamani ni ya yule ambaye akitoka nyumba inaanguka. Kesho nitaona, maana unatoka. Lakini wewe ulisema mtu hapungui thamani kwa sababu waliomzunguka wamemwangusha, nami nilikubishia miaka mitatu mfululizo kwa sababu nilipenda kubishana nawe. Ulikuwa sahihi. Wewe ulikuwa na timu ya mtu mmoja, ikadondosha mpira mbele ya watu wote, tena si mara moja. Na wewe hukupungua hata chembe. Hilo silisemi ili nawe unikatalie.

Basi nimesimama. Hapa jikoni, upande wangu wa meza, nimesimama kweli, na kalamu nimeinama nayo. Ukifika hapa soma kwa sauti zaidi kidogo.

Mimi ni mama yake Wakio. Binti yangu anajua mchezo huu kuliko watu wazima wengi walioketi humu. Hajawahi kuchelewa mazoezi. Anadaka mipira ambayo wengine wanaikimbia, na mwenzake akianza kuvunjika, yeye ndiye anayetembea kumfuata. Mtoeni, timu hii itaanguka. Hayuko sawa na mwingine yeyote, na mimi namjua kuliko yeyote. Namchagua yeye.

Najua kibanda hakina mtu. Najua msimu ule umekwisha, na mikono ilishahesabiwa, na hakuna anayehesabu tena, na huenda hata wewe umeshakunja karatasi hii hapo juu, kwenye mambo ya soksi. Naisikia lifti inapanda. Ikisimama ghorofa yetu ni wewe, na utasema “hej” ya salamu na kupita chumbani, na mimi nitauliza kama umekula, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Lakini kikombe nimekiweka chini, Wakio.

Mama yako